TAHADHARI: Kuna watu wanauza "digrii ya Uingereza" ya miezi tisa hapa Tanga

Ndugu zangu wa Tanga, hasa mlioko kazini na diploma zenu na mnatafuta digrii ya kusomea nyumbani, someni hili kabla hamjatuma hata shilingi.

Kuna mawakala wanapita Ngamiani, Chumbageni hadi stendi ya Kange. Wanajitambulisha kama wawakilishi wa chuo cha mtandaoni cha Uingereza, wanakuunganisha kwenye kundi la WhatsApp, na kundini kila siku kuna mtu anapongezwa kwa "kuhitimu". Wanajua pa kumgusa mtu. Tangu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima lilipopangwa kuishia Chongoleani, kila kijana hapa mjini anaambiwa kazi nzuri zinakuja na zinataka karatasi.

Binti wa dada yangu ana diploma ya ununuzi na ugavi na anafanya kazi ghalani. Aliambiwa uzoefu wake wa kazi "unahesabiwa kama masomo", kwa hiyo digrii ya miaka 3 ataimaliza kwa miezi tisa. Akalipa 450,000 ya usajili. Ikafuata 300,000 ya kufunguliwa mfumo wa masomo. Mtihani ulikuja kwa simu, maswali ya kuchagua, na alama zikatoka papo hapo: 94. Halafu wakataka 600,000 ya "muhuri wa ubalozi" ili cheti kitoke. Fedha zote zilikwenda kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, si la chuo.

Hapo ndipo mama yake aliponiita. Tulipomwuliza wakala uthibitisho alituma karatasi mbili, na ninawaomba mzielewe vizuri kwa sababu ndizo zinazowanasa wasomi. Ya kwanza ilikuwa cheti cha usajili wa kampuni Uingereza. Kule mtu yeyote anaweza kusajili kampuni kwa ada ndogo. Usajili huo haumpi mamlaka ya kutoa digrii. Serikali ya Uingereza ina ukurasa wake wa kuangalia kama chuo kinatambulika, na chuo hicho hakimo. Karatasi ya pili ilikuwa barua ya ithibati, yaani ya kuthibitisha ubora wa chuo, kutoka "baraza la kimataifa" lenye nembo ya kuvutia. Baraza lenyewe halitambuliwi na mtu.

Mbinu hii ni ya zamani. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa ikiendesha vyuo hewa vingi mtandaoni na kubuni pia mabaraza ya kuvipa ithibati vyuo hivyohivyo. Wahadhiri wanaotabasamu kwenye tovuti walikuwa waigizaji wa kulipwa. Kwa hiyo msiangalie ithibati ipo au haipo tu, angalieni nani kaitoa na nani anamtambua huyo.

Kusoma kwa mbali kwenyewe ni halali na ni kuzuri, nisieleweke vibaya. University of London inatoa digrii za nje tangu 1858. Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kina kituo hapahapa Tanga ambako unaweza kwenda kwa miguu yako, ukauliza na kujibiwa. Mwenye diploma anaulizwa wastani wa GPA 3.0, na asiyefikisha sifa ana kozi ya msingi ya kupitia. Digrii inachukua miaka 3 au zaidi, na ada inalipwa kwa control number. Hakuna wakala anayekuja kukusaidia "kuharakisha".

Ukipenda chuo cha nje, andika jina lake kamili na uwaulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kabla ya kulipa. Wao ndio wenye kutambua tuzo za nje. Soma tangazo lolote la kazi za serikali la Sekretarieti ya Ajira: aliyesoma nje anatakiwa vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, TCU ikiwemo. Cheti kisichopita hapo hakikufungulii mlango wowote wa serikali, na kinaweza kukufungia ule uliokwishaingia. Mnakumbuka Aprili 2017, ripoti ya uhakiki ilipowataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu walipoteza ajira za miaka.

Tazameni pia anwani ya tovuti. Vyuo vingi vya Uingereza vinatumia .ac.uk na vyetu .ac.tz, na si kila anayetaka anapewa. Hawa walikuwa na .org, yenye jina linalofanana mno na la chuo kikubwa kinachojulikana.

Binti hakulipa ile 600,000. Tumeripoti polisi, na ujumbe wa mawakala tumeupeleka namba 15040 ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na namba ya simu iliyopokea fedha. Kama na wewe umelipa, usifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala hata kama una hasira, na usitoke kundini kabla hujapiga picha za skrini. Nenda kituoni nazo. Malalamiko yakiwa mengi juu ya namba ileile ni vigumu kwa polisi kusema ni ugomvi wa mtu mmoja. Wazazi wa Makorora na Majani Mapana, najua kundi hilo lina vijana wenu wengi. Waulizeni leo.