John Deere mfululizo wa 100 na Husqvarna zenye ROS: ipi inafaa viwanja vya Dar?

Wengi wanaonunua mashine ya kukata nyasi ya kukalia huuliza upana wa kukata na nguvu ya injini. Kwa uwanja wa shule, hoteli au kanisa hapa Dar, swali la kwanza liwe jingine: swichi za usalama zitamkera dereva au hazitamkera? Zikimkera, hazimalizi masika moja. Fundi ataitwa, ataunga waya dairekti bila kupitia swichi, na kuanzia hapo hakuna kitakachosimamisha visu dereva akianguka.

Tofauti kubwa iko kwenye kurudi nyuma. Mashine zote mbili huzima injini ukirudi nyuma visu vikiwa vinazunguka, na sababu ni ya maana: dereva haoni vizuri nyuma, na mtoto aliyevutwa na mlio wa mashine husimama huko huko. John Deere wanaita kinga yao RIO (Reverse Implement Option). Unasimama, unageuka kuangalia, unabonyeza kitufe huku ukigusa pedeli ya kurudi, ndipo inakubali. Ukienda mbele tena, ruhusa imekwisha. Husqvarna wana ROS (Reverse Operation System): unageuza ufunguo hadi kwenye alama yake, na ruhusa inabaki mpaka uurudishe. Ukizunguka minazi na mitaro siku nzima, ROS haichoshi mkono kama RIO. Tatizo ni kwamba ufunguo huachwa hapo kutwa, na kinga inakuwa kama haipo. Kwa uwanja wenye wapita njia, chukua RIO bila kusita. ROS inafaa eneo lenye uzio na dereva mmoja anayejua anachofanya.

Swichi ya kiti ndiyo inayosumbua zaidi huku pwani. Kiunganishi cha plastiki chini ya kiti hupata unyevu wa chumvi na maji ya kuoshea, pini zinaota kutu ya kijani, na injini inakata kila ukipita kwenye shimo. Kabureta hufunguliwa bure. Kabla ya hapo zima, toa ufunguo, inua kiti, chomoa kiunganishi. Nyunyizia dawa ya kusafishia kontakti, sugua pini kwa mswaki mkavu, acha zikauke, paka grisi ya umeme kidogo sana, kisha sukuma mpaka kijino kifunge. Kama bado inakata na dereva ni mwepesi, angalia springi za kiti. Baadhi ya viti huruhusu kuzisogeza kulingana na uzito. Hapo ndipo mahali pa kurekebisha, si kwenye waya.

Kila asubuhi zipimwe, mahali tambarare pasipo na mtu. Ukiwa umekaa, jaribu kuwasha injini huku swichi ya visu ikiwa imewashwa: isiwake. Jaribu bila breki: isiwake. Iwashe, washa visu, inua makalio kidogo bila kushuka: injini ife. Zima visu, iwashe tena, achia breki ya kuegesha, inuka tena: ife. Mwisho rudi nyuma visu vikizunguka bila RIO wala ROS: ife. Kisha iwashe tena, zungusha visu, uvizime na uhesabu mpaka mvumo wake unyamaze. Kiwango cha Marekani cha ANSI B71.1 kinataka visiende zaidi ya sekunde 5. Vikizidi, breki ya visu au klachi yake imechoka, na mashine isitoke siku hiyo. Usiiname kuchungulia chini, sikiliza.

Mdomo wa kutolea nyasi una kifuniko cha plastiki kinachoelekea chini. Wakati wa masika nyasi mbichi huziba, na dawa ya haraka inayotumika ni kukifunga juu kwa kamba. Usikubali. Kiwango hicho hicho kinaruhusu ncha ya kisu kufikia karibu mita 96 kwa sekunde, na ardhi ya Masaki na Mbezi Beach imejaa vipande vya mawe ya matumbawe. Mdomo ukiziba: zima visu, weka breki, zima injini, toa ufunguo, subiri, halafu tumia kijiti.

Kwa miteremko kama ya Mlimani, soma kikomo kwenye kitabu cha mashine yako. Vingi vinaishia nyuzi 15 au pungufu. Pima kwa ubao wa mita 1 na pimamaji: lalia ubao kwenye mteremko, inua ncha ya chini mpaka ubao ulale sawa, pima pengo. Sentimita 27 ni nyuzi 15. Kata ukipanda na kushuka, usikate ukikingama, na nyasi zikiwa na maji ahirisha.

Kwa starehe ya dereva, pedeli mbili za mguu wa kulia za John Deere zinaacha mikono yote kwenye usukani, jambo zuri karibu na mtaro. S100, S120 na S130 zote hukata inchi 42, yaani sentimita 107, hivyo pima mageti kwanza. Tundu la kuoshea chini kwa mpira ni la manufaa, ila baada ya kuosha zungusha visu dakika moja kukausha, la sivyo chumvi na maji vinakula bati. Kivuli hakuna, panga kazi kabla ya saa nne asubuhi.

Ukinunua iliyotumika, fanya majaribio yote hapo juu kabla ya kutoa hela, na ufuatilie waya wa kiti kwa kidole mpaka mwisho: tepu nyeusi katikati ya waya ni dalili ya dairekti. Agiza swichi ya kiti kwa namba ya spea iliyo kwenye kitabu. Inayofanana nayo kwa sura kwenye maduka ya spea ya Gerezani inaweza kuwa na mguso wa kinyume, ikafunga saketi pale ilipotakiwa kuifungua.