TanzLII: uzoefu wangu kutafuta ukweli kuhusu dhamana

Wakuu, kama una ndugu ana kesi ya jinai na ghafla ukoo mzima umegeuka mawakili, ingieni tanzlii.org kabla hamjamtumia mtu hela. Ni ya Mahakama ya Tanzania yenyewe, hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zimo, sheria nazo zimo, bure kabisa na wala hujisajili, unadownload PDF yako unaondoka.

Mimi kilichonipeleka huko ni kijana wa dada yangu, alisomewa shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha. Sasa kwenye grupu la familia shemeji akatupia kipande cha hukumu ya Mahakama Kuu ya Mei 2020, kesi ya Dickson Paulo Sanga, kinasema kile kifungu cha 148(5) (kwa namba za wakati ule) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kama mauaji, uhaini na huohuo unyang'anyi wa silaha, kinapingana na Katiba. Basi dada akaanza kusaka wadhamini usiku uleule, na jamaa mmoja akajitokeza anataka laki tatu "ya kufuatilia".

Nikaandika Sanga kwenye sehemu ya kutafutia. Hukumu ile kweli ipo, shemeji hakudanganya, ila kuna nyingine ya Agosti 2020, Mahakama ya Rufani, serikali ilikata rufaa ikashinda na kifungu kikabaki palepale! Hiyo ya pili kwenye grupu hakuna aliyeitupia. Nikamtumia yule wa laki tatu link, tiki za bluu nikaziona, jibu hadi leo hamna.

Kwa hiyo ukifungua hukumu angalia kwanza zile herufi kwenye namba yake, TZHC ni Mahakama Kuu, TZCA ni Rufani, na mwaka upo kwenye mabano. Ukikuta ya TZHC imekufurahisha sana usishangilie bado, tafuta jina lilelile uone kama ilipanda juu.

Hukumu nyingi ni za Kiingereza, hata baada ya sheria ya 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, so ukiandika "dhamana" unapata vichache, andika "bail" uone zinavyomiminika. Mimi huwa naruka naenda kurasa za mwisho, amri ya mahakama iko huko, halafu ndo narudi kusoma sababu taratibu kwenye simu, macho yanauma lakini unaelewa.

Ila kesi inayoendelea, labda imeahirishwa mpaka lini au iko kwa hakimu gani, hukumu za humo hazitakwambia. Hiyo chukua namba ya kesi uende masjala ya mahakama husika, na nenda asubuhi.