March Mammal Madness: mtoano wa wanyama darasani, ticha nimeutumia

Walimu wa sayansi mnaoulizana mtawaamshaje watoto mada ya wanyama, jaribuni hii. Ni mashindano aliyoyaanzisha mwanasayansi Katie Hinde mwaka 2013, siku hizi yuko Arizona State University, jina wamelichukua kwenye March Madness, mashindano ya basketi ya vyuo ya Marekani. Wanyama 60 na kitu wanapangwa kwenye droo ya mtoano, kila mmoja na namba yake ya ubora, mwanafunzi anajaza nani atamtoa nani mpaka fainali. Hakuna mnyama anayepiganishwa kweli jamani, mechi zinasimuliwa na wanasayansi kutokana na tafiti, na vifaa vya mwalimu viko bure kwenye tovuti ya maktaba ya chuo, unaprinti tu.

Utamu uko kwenye sheria. Raundi za mwanzo mechi inapigwa nyumbani kwa mwenye namba bora, huko mbele mazingira yanachaguliwa kwa kubahatisha, na hata mshindi anaamuliwa na namba ya kubahatisha ila mkali ana nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo mdogo anaweza kupindua meza. Na kushinda sio lazima kuua, mwingine anaona hali sio, anaondoka zake, imeisha hiyo.

Mi nafundisha fomu wani, nikachora droo yetu ubaoni, wanyama 16 wa huku huku, namba ya kubahatisha tunaipata kwa dadu badala ya kompyuta. Sharti moja tu: hutaji mshindi bila sababu ya kisayansi. Mwanzoni wote simba simba (sijui wa Serengeti au wa Kariakoo) mpaka alipopangwa na kakakuona, binti mmoja wa nyuma ambaye huwa haongei akasema kakakuona anajikunja mpira na magamba yake ni keratini kama kucha zetu, simba ataishia kumlamba, darasa likalipuka. Fisi na chui walibishaniwa mpaka kengele, wengine eti fisi mwoga, nikawatuma wakasome, wakarudi na habari za taya zinazovunja mifupa na kwamba kwenye kundi majike ndo wakubwa, wavulana hawakutaka kuamini. Ya nyegere sitaki hata kuanza.

Kasoro zipo. Kiingereza chake kizito kwa shule ya msingi, utani mwingi wa Kimarekani, na mechi za laivu zinapigwa jioni yao sisi tumelala, unasoma matokeo asubuhi ndo unawasimulia. Kama darasa lako ni la watoto 80 usimpe kila mtu karatasi, droo moja kwa kundi, la sivyo hela ya kuprinti itakutoa jasho. Mwenzangu mmoja ofisini akasema nawafundisha kubeti, nikamwambia mkeka gani huo hauna hela, pointi zinatoka kwenye hoja.

Nyota 4 kati ya 5. Mwenye picha za wanyama wetu zinazotoka vizuri kwenye printa ya wino mweusi anitumie, muhula ujao nataka niweke na wa baharini, nguva aanze na papa.