Breath of the Wild: gemu ambalo mvua si pambo

Kwenye magemu mengi ya dunia za kufikirika, theluji inaanguka na shujaa anapita kifua wazi kana kwamba baridi haimhusu. Breath of the Wild, gemu la Nintendo la mwaka 2017, halikudekezi hivyo.

Jangwa la Gerudo ndilo lililoniteka. Mchana joto linakula uhai wako usipovaa nguo za kulikinga. Jua likizama, mshale wa kipimajoto pembeni mwa skrini unashuka, na nguo zilizokuokoa mchana hazikufai tena. Link, shujaa unayemwongoza, anaanza kutetemeka na kujikumbatia. Ndivyo jangwa lilivyo: hewa ni kavu, mawingu hakuna, na joto la ardhini linatoroka usiku bila kizuizi. Tena itazame ramani. Faron, penye misitu na mvua nyingi, iko upande wa bahari. Jangwa liko magharibi, na katikati kuna milima. Milima ya Andes, Amerika Kusini, nayo huzuia unyevu wa Amazon usifike jangwa la Atacama. Iwe kwa makusudi au kwa bahati, imekaa sawa.

Mvua ikinyesha majabali yanateleza, unapanda kidogo unaporomoka. Wachezaji wengi wanaichukia mvua hii. Mimi naitetea, maana inakulazimisha utafute njia nyingine au uwashe moto chini ya mwamba na kusubiri. Radi ikikaribia, upanga wa chuma unatoa cheche, uvue upesi! Majani yakiwaka, hewa ya moto inapanda, nawe ukifungua parashuti inakunyanyua.

Umbali, kwa kweli, ni wa kuchekesha. Duniani kwetu joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000; humu unatoka kwenye mchanga unaochoma hadi kwenye theluji kwa mwendo mfupi tu. Hilo nalisamehe, nani ana wiki nzima ya kupanda mlima mmoja? Nisilolisamehe ni kukosekana kwa misimu. Hebra, eneo la milima humo, ina theluji daima, na hakuna mto unaovukika wakati wa kiangazi kisha ukafurika masika. Safari zingebadilika kabisa.

Ukilinunua, nenda kwenye mipangilio uchague mwonekano wa Pro. Vipimo karibu vyote vinafichwa, utabiri wa hali ya hewa ukiwemo, na hapo inabidi uyasome mawingu mwenyewe.