Eksirei ya mtoto Dodoma: nilivyoiona huduma kwa upande wa usalama wa mionzi

Nilimpeleka binti yangu wa miaka minne kupigwa eksirei ya kiwiko katika kituo binafsi cha vipimo hapa Dodoma, ambacho sitakitaja jina, na kwa sehemu kubwa nimeridhika. Leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania imebandikwa mahali ambapo mgonjwa anaiona, na juu ya mlango ipo taa nyekundu inayowaka mashine inapofanya kazi.

Kilichonivutia zaidi ni mtaalamu wa mionzi mwenyewe. Kabla ya lolote aliniuliza, "Samahani mama, kuna uwezekano wowote kwamba una ujauzito?" Kwa kuwa sikuwa na jibu la uhakika, aliniweka nyuma ya kioo chenye madini ya risasi, yanayozuia mionzi, na kumwomba kaka yangu ndiye amshike mtoto. Akabana mwanga wa mashine, unaoonyesha mionzi itakapopita, hadi ukabaki kwenye kiwiko peke yake, kisha akamwelekeza kaka asogee nyuma kadiri mikono yake inavyofika, kwa sababu umbali ukiwa maradufu, mionzi inayotawanyika hupungua hadi takriban robo. Nilipouliza kuhusu madhara hakunipuuza: picha ya kiwiko ni kama milisiveti 0.001 (kipimo cha mionzi anayopata mtu), ilhali mionzi ya asili humpa mtu wastani wa 2.4 kwa mwaka. CT-Scan ya tumbo, akaongeza, inaweza kufika 8 hadi 10, ndiyo maana haipigwi kwa kujiridhisha tu.

Aproni ya risasi aliyovaa kaka, hata hivyo, ilitolewa ikiwa imekunjwa juu ya kiti, na mikunjo ilikuwa imekwisha kujichora. Aproni hizo hutundikwa. Zikikunjwa, risasi ya ndani hupasuka bila kitambaa cha nje kuonyesha chochote.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuja baadaye. Tulipewa ripoti ya karatasi bila picha, na daktari wa mifupa tuliyepewa rufaa kwake, ambaye alihitaji kuiona picha yenyewe, alikuwa tayari kuagiza nyingine. Niliporudi kituoni niliambiwa kwamba CD yenye picha hulipiwa kando. Kituo kinachojali kubana mwanga kwenye kiwiko hakipaswi kumwachia mtoto hatari ya kupigwa picha ileile mara mbili kwa ajili ya bei ya CD. Nililipa, na nitarudi kwa mtaalamu yuleyule, ila safari hiyo CD nitaidai dirishani kabla sijatoa pesa.