Nimeongeza nyumba ya marehemu baba Ngamiani: ukuta sawa, paa limenitoa jasho

Nyumba yenyewe iko Ngamiani, Tanga, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili kama unazozijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, choo na jiko uwani. Mama anaishi humo na wajukuu wawili. Magoti yanamsumbua, na kutoka kwenda choo cha uwani usiku wa mvua kulikuwa kumemshinda. Tukakubaliana na ndugu zangu: vyumba vya mbele vibaki, viwili vya nyuma vivunjwe, tujenge sebule, jiko la ndani na chumba cha mama chenye choo chake, kwa mtindo huu wa kisasa wa paa la kuficha, bati halionekani kwa nje.

Kazi tulimpa mkandarasi mdogo wa hapa mjini, jina nalihifadhi. Vifaa juu yetu, ufundi juu yao, malipo kwa awamu nne.

Walichonifurahisha ni mwanzo. Kabla ya kuchora chochote, mchoraji wao alichimba shimo kwenye kona ya ukuta wa zamani kutazama msingi. Ulikuwa wa mawe, kina hakifiki futi mbili. Mimi nilishaanza kuota ghorofa. Akaniambia, "Kaka, ukuta huu umezoea kubeba bati, usiutwishe zege." Ghorofa ikaishia pale shimoni. Vilevile alikataa kuufunga ukuta mpya kwenye ule wa zamani. Wa zamani umeshakaa, mpya bado utatitia kidogo, ukizishikanisha utapasuka tu. Wakaacha nafasi ya inchi moja, wakaijaza sponji na kuifunika kwa ubao. Huu mwaka wa pili, sijaona ufa. Jirani yangu aliyeshikanisha tofali kwa tofali kila mwaka anaita fundi plasta.

Saruji haikutusumbua, kiwanda kiko hapo Pongwe. Ya daraja la nguvu 42.5 kwa nguzo na lenta, ya 32.5 kwa plasta. Fundi aliyetaka kutumia moja kwa kila kitu alirudishwa na msimamizi mbele yangu, nikampenda yule msimamizi.

Kwenye baraza ndipo tulipogombana kidogo. Mchoro ulitaka ivunjwe, pawekwe nguzo mbili za mraba na taa. Mama akasema, "Na wageni wangu nitawaweka kichwani?" Baraza ikabaki, ikapigwa rangi tu. Nikiri kwamba mwanzoni niliona aibu, mbele kikale nyuma kisasa. Sasa hivi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Sasa paa. Paa la zamani limeinuka, linamwaga maji nyuma. Sehemu mpya ina ukuta wa kuficha bati, umesimama pale pale maji yanapomwagikia. Maana yake maji yote ya nusu ya nyumba yanaingia kwenye gata moja, yaani mfereji wa maji ya paa, iliyobanwa kati ya bati na ukuta. Wao waliweka gata ya inchi 6 yenye tundu moja na bomba la inchi 3. Juu yake kuna mwembe wa jirani. Masika ya kwanza, Aprili, usiku mmoja majani yakaziba, gata ikafurika, maji yakashuka ndani ya ukuta na kutoka kwenye jipsam ya sebule. Dari likaanguka juu ya kochi ambalo bado lilikuwa na nailoni.

Nilipiga simu mara nne. Walipokuja wakataka niwalipe upya, eti ni kazi nyingine. Mkataba wetu haukusema neno kuhusu dhamana, kosa hilo ni langu. Kilichoniokoa ni milioni moja na nusu niliyokuwa nimeibakiza hadi mwisho. Wakafungua bati, wakatengeneza gata ya futi moja, mabomba mawili ya inchi 4, na tundu la tahadhari kwenye ukuta, juu kidogo ya usawa wa maji, ili bomba likiziba maji yamwagike nje na si ndani. Tundu hilo ni kazi ya saa moja kwa fundi mmoja. Lingewekwa tangu mwanzo, kochi langu lingekuwa zima.

Joto nalo. Dirisha kubwa la aluminiamu tuliloliona kwenye picha linatazama magharibi, na juu hakuna matundu ya hewa kama ya vyumba vya zamani. Alasiri za Januari sebule haikaliki bila pazia zito na feni. Hapa lawama tugawane, mimi ndiye niliyeng'ang'ania dirisha.

Nyota tatu na nusu. Ile milioni na nusu niliwalipa Desemba, baada ya mvua za vuli kupita bila tone kuingia ndani. Mama analala chumba kipya, lakini mchana utamkuta ukumbini, milango yote miwili wazi, anapunga upepo.