Uzoefu wangu: upasuaji wa mtoto wa jicho Upper Hill, Nairobi, na huduma ya baadaye

Wanaonipigia kuuliza kuhusu kliniki niliyotibiwa hutaka kujua mambo mawili: niliumia? Nililipa ngapi? Sikuumia. Jicho lilitiwa ganzi, na kazi yenyewe haikufika nusu saa. Pesa hutegemea lenzi utakayowekewa, kwa hivyo ulizeni wenyewe.

Mimi naisifu kwa sababu ya nesi aliyetukalisha na binti yangu kabla ya kuturuhusu. “Mama, jicho litakuwa kama lina mchanga, litatoa machozi, mwanga utakusumbua. Hayo ni ya kawaida, na kila siku yatapungua. Likiuma leo kuliko jana, usingoje siku ya kliniki. Njoo.”

Hicho ndicho kipimo nilichotoka nacho. Macho yaliyoanza kuona vizuri kisha yakaingia ukungu, wekundu unaozidi, kope kuvimba, usaha, maumivu yasiyosikia dawa, au kichwa kuuma pamoja na kutapika: yote ni ya kurudi siku hiyo hiyo. Alituambia kwamba maambukizi ndani ya jicho ni nadra, ila yakiingia, mara nyingi ni katika wiki ya kwanza, na yanaweza kulipofusha upesi sana.

Kisha akaongeza jambo ambalo ningelipuuza: hatari nyingine haiumi. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikibanduka husikii uchungu wowote. Unaona mimweko, vidoa vyeusi vinavyoelea, au kivuli kinachoshuka kama pazia.

Yangu yalikuja usiku, wakati jicho limeshatulia na nimeanza kurudi sokoni. Mimweko pembeni, na uzi mweusi unaonifuata kila nikigeuza jicho. Nikapiga namba ya dharura ya kliniki. Akapokea askari wa getini, akasema madaktari watakuja asubuhi! Hapo nawakata alama, tena nyingi. Karatasi ya maelekezo nayo ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Bila nesi ningeambulia nini?

Alfajiri mkwe wangu alinipeleka. Daktari alinitilia matone ya kupanua mboni, akachungulia kwa muda mrefu. Retina ilikuwa salama. Ni ule ute wa ndani ya jicho uliojitenga nayo, jambo linalotokea kwa wengi, hasa wenye umri wetu. Lakini alinisifu kwa kuja, maana kwa kusikia tu hata yeye asingeweza kutofautisha. Ukienda uchunguzi huo, nenda na mtu: ukungu wa yale matone hukaa saa kadhaa, na kuvuka barabara hivyo ni balaa.

Matone ya nyumbani yana kazi. Nawa mikono, tikisa chupa ukiambiwa, acha dakika tano kati ya dawa moja na nyingine. Ile ya kutuliza uvimbe hupunguzwa polepole, usiikate mwenyewe. Usiku unavaa kikinga cha plastiki usije ukajisugua usingizini. Mitungi ya maji walinibebea wajukuu. Jirani aliniletea asali nitie jichoni. Nikaipaka kwenye mkate.

Jicho la pili nitafanyiwa hapo hapo. Ila kabla ya kulipa chochote, nitaipiga kwanza ile namba yao usiku nione ni nani atakayepokea.